Minyoo ya Daktari Salma

Nyie vijana mlioanza kazi maabara mwaka huu, juzi mliniuliza hapa kituoni nilikuwa nafanya kazi gani kabla ya kustaafu. Nikawajibu nilikuwa nachunga minyoo. Mkacheka, na mmoja wenu nadhani aliona mzee ameanza kuchanganyikiwa. Lakini ndivyo watu wa kwetu Mpimbwe walivyokuwa wanamwambia mke wangu Theresia: "Wenzako waume zao wanachunga ng'ombe, wako anachunga minyoo." Akirudi nyumbani ananisimulia huku ameshika mbavu kwa kucheka, na mimi nacheka naye, maana ilikuwa kweli.

Chai yenu ilipoa kabla sijafika popote, kwa hiyo nimeona niwaandikie. Mtanisamehe nikirukaruka. Mambo haya hayanijii kwa mstari.

Kwanza, msiwaze minyoo ya tumboni. Wetu walikuwa wa kwenye udongo na matunda yaliyooza, hawamdhuru mtu. Mmoja mzima ukimtazama kwa macho matupu ni kama alama ya koma iliyodondoka kwenye karatasi. Ukimweka chini ya hadubini unaona mwili wake unapitisha mwanga kama kioo. Daktari Salma aliwapenda kwa sababu hiyo. "Lau," alikuwa ananiambia, maana jina langu Laurenti alilikata, "huyu hawezi kukuficha kitu. Ukimwangalia umemwona mpaka ndani."

Daktari Salma alikuwa mtoto wa Mpanda mjini. Mama yake, Bi Mwanaidi, alikuwa na duka la vitenge karibu na soko, na wengi wenu bibi zenu walishonewa sare za harusi kwa vitenge vya duka lile. Salma alisoma mbali sana, huko kwenye maabara kubwa, kisha akarudi nyumbani kuja kufanya kazi kwenye kituo chetu kidogo cha utafiti wa mazao. Alirudi na visahani vya minyoo amevifunga kwenye khanga kama mtu aliyebeba mayai.

Mimi wakati huo nilikuwa kibarua wa udongo. Wakulima wa tumbaku kule Katumba walikuwa wanalalamika kwamba mizizi inavimba mafundo, na mafundo yale yanasababishwa na minyoo ya mizizi. Kazi yangu ilikuwa kuchimba, kufunga kwenye mifuko na kubeba. Siku moja Daktari akanikuta natua mzigo, akaniambia, "Hebu nione mikono yako."

Nikamwonyesha. Mikono ya jembe, sugu juu ya sugu.

"Inatetemeka?"

"Haitetemeki, Daktari. Inauma tu."

"Basi osha uje ndani."

Alinikabidhi kijiti cha kioo chenye waya mwembamba mwishoni, waya uliofupishwa na kupondwa ncha ukawa kama koleo la kitoto. Hicho ndicho cha kumchotea mnyoo. Unachoma waya kwenye taa ya spiriti, unauacha upoe, unagusa ute wa bakteria ambao ndio chakula chao, kisha unamgusa mnyoo kwa juu, ananata, unamhamishia kisahani kingine. Ukisoma hivi ni rahisi. Mimi nilisahau kuacha waya upoe na nikamkaanga wa kwanza palepale. Wa pili nilimkata. Wa tatu nilitoboa agari, ile jeli wanayoishi juu yake, akaingia kwenye tundu na sikumwona tena. Daktari akaja nyuma yangu akaangalia.

"Lau, unachota ugali?"

"Samahani, Daktari."

"Usimwendee kama unataka kumla. Mguse kama unafuta unga kwenye shavu la mtoto."

Nikafikiri kuhusu binti yangu Editha, ambaye alikuwa bado anatambaa, na mkono ukatulia wenyewe. Hapo ndipo nilianza kujifunza kazi. Kwa hiyo nyie mkiharibu visahani, msijione wajinga. Sugu zinalainika.

Nyie leo mnaletewa agari imeshamiminwa tayari, imefungwa vizuri. Sisi tuliichemsha kwa sufuria ya presha kwenye jiko la mkaa, uani, na mkaa ukiwa mbichi moshi unakutoa machozi. Sisimizi walikuwa adui namba moja. Tuliweka miguu ya meza kwenye makopo ya maji yenye mafuta kidogo juu, na bado walipata njia: siku moja wamepita kwenye waya wa taa, wakashuka kama wanajeshi. Ukungu nao. Ukipiga chafya juu ya kisahani kilicho wazi, kitupe, usijidanganye. Na kila kisahani kigeuze kifuniko kiwe chini, la sivyo mvuke unadondoka na wadudu wako wanazama.

Sasa niwaeleze tulichokuwa tunatafuta.

Daktari aliniambia, "Watu wanataka dawa ya kumzuia mnyoo wa mizizi asitembee. Mimi nasema tujue kwanza kinachomtembeza." Kinachomtembeza ni misuli. Msuli wa mnyoo, kama wako, umejengwa kwa nyuzi nene na nyuzi nyembamba zinazopishana. Zikivutana msuli unajikaza, zikiachiana unalegea. Nyuzi nene zinajengwa na protini inayoitwa miosini. Lakini miosini ikitoka kutengenezwa haiko tayari. Inatakiwa ijikunje ikae kwenye umbo lake, na peke yake inahangaika, inajisokota, inagandana na wenzake. Ipo protini nyingine ambayo kazi yake ni kuishika mpaka ikae sawa. Hiyo isipofanya kazi, miosini inaharibika, nyuzi nene zinakuwa chache na zimevurugika, na mnyoo analala amenyooka kama uzi. Anakula, anaishi, ila hawezi kwenda.

Halafu kuna protini za kufunga nyuzi kwenye ukuta wa seli zisiteleze, na nyingine ndefu kama springi, za kuzuia msuli usijikaze kupita kiasi. Kila moja na mahali pake. Na msuli haujengwi mara moja ukaisha. Protini zilizochakaa zinaondolewa, mpya zinaingizwa, maisha yote. Nilimwambia Daktari, "Kumbe ni kama nyumba ya nyasi ya kwetu, usipoongeza nyasi kila mwaka mvua inakukuta kitandani." Akaipenda. Baadaye nilimsikia akiwaambia wageni hivyohivyo, na mimi nikajifanya nafuta meza.

Tulikuwa na ukoo mmoja wa minyoo ambao ile protini ya kushika miosini ilikuwa na kasoro ndogo. Mahali pa ubaridi ilijitahidi, na minyoo ikatambaa vizuri. Ila mayai yakianguliwa kwenye joto, watoto wanakua wamelegea, hawaendi popote. Wazazi walewale, chakula kilekile. Tofauti ni joto tu. Nilipoona mara ya kwanza sikuamini, nikadhani nimechanganya visahani.

Swali la Daktari lilikuwa hili: je, ile protini inahitajika wakati wa kujenga tu, au hata kutunza? Ukimlea mnyoo kwenye ubaridi mpaka misuli yake ikamilike vizuri, kisha ukampeleka kwenye joto akiwa mtu mzima, misuli itabaki au itachakaa?

Nilidhani ni swali la minyoo.

Ilianza na rafu ya juu. Daktari aliacha kuitumia. Kila kitu akashusha usawa wa kiuno. Nikadhani ni mpangilio. Kisha nikaona akitaka kuinuka kwenye stuli anasukuma mapaja kwa mikono, anajipandisha kidogokidogo kama anayepanda ngazi juu ya mwili wake mwenyewe. Nikimuuliza anasema, "Nimelala vibaya." Mtu anaweza kulala vibaya wiki moja. Hawezi kulala vibaya masika mazima.

Siku moja asubuhi alikuwa anaingia na trei ya visahani, na pale mlangoni kuna kizingiti. Mguu haukupanda. Nilisikia kishindo, nikatoka mbio, nikamkuta amekaa sakafuni, visahani vimesambaa. Hakulia. Alikuwa anaangalia magoti yake kama anavyoangalia minyoo.

"Usiniinue kwa kwapa," akasema. "Mikono yangu itakuteleza. Shika kiunoni."

Nikamwinua, nikamkalisha. Nikaanza kuokota visahani kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

"Lau, acha hivyo kwanza. Kaa."

Nikakaa.

"Kaka yangu alianza hivihivi," akasema. "Mabega, mapaja, kisha mgongo. Watu walisema mengi kuhusu mama. Nilipokwenda kusoma nilipimwa. Kuna protini moja kwenye misuli yetu imekosewa. Sio hii ya minyoo yetu, ni nyingine. Lakini ni ya ukoo huohuo wa kazi, kazi ya kutunza."

"Kwa hiyo Daktari, hawa minyoo ndio dawa yako?"

Akacheka kweli. "Mimi nimechelewa, ndugu yangu. Hapa hakuna dawa yangu."

"Sasa kwa nini unajichosha?"

Alifikiri. Nje kulikuwa na mtu anakata majani kwa fyekeo, tukamsikiliza kidogo.

"Kwa sababu naumwa kitu nisichokielewa," akasema. "Kuumwa nimeshakubali. Kutokuelewa bado."

Kuanzia siku hiyo nilikuwa mikono yake. Hatukuitangaza, ilitokea tu. Yeye anakaa, anasema, mimi nachota. Kazi yenyewe ilikuwa ya uvumilivu: wale wazima lazima wahamishwe kisahani kipya kila siku, wakiwa bado wanataga, la sivyo wanachanganyika na watoto wao na hutajua tena nani mzee nani kijana. Na pembeni daima tuliweka minyoo ya kawaida, isiyo na kasoro, kwenye joto lilelile. Hilo msisahau hata siku moja. Bila mzima wa kulinganisha naye hujui kama mgonjwa ameumwa au amezeeka tu.

Tulikuwa katikati ya kazi hiyo umeme ulipokatika. Oktoba, Mpanda inachemka, na jenereta ya kituo ilikuwa inasubiri kipuri. Ule ukoo wetu wa ubaridi ulikuwa kwenye friji tuliyoipunguza nguvu. Friji ikianza kupata joto, mayai yote yaliyokuwa yanataka kuanguliwa yangetoa vilema, na ule uzao wote tuliokuwa tumeuandaa ungepotea. Tungeweza kuanza upya baadaye. Ila Daktari akaniangalia na mimi nikamwangalia, na tukajua wote wawili kwamba yeye hakuwa na "baadaye" nyingi za kukalia ile stuli.

Nikatoka mbio kwenda sokoni, kwa mama mmoja aliyekuwa anapokea samaki, migebuka ya ziwani kutoka Kapalamsenga, kwenye masanduku ya barafu.

"Mama, naomba barafu."

Akaniangalia uso. "Pole baba. Una msiba?"

"Hapana mama. Nina minyoo."

"Minyoo?" Akawageukia wenzake. "Sasa baba, si ukanywe dawa? Barafu unaiweka wapi?"

Soko zima lilicheka. Nikamweleza kwa haraka na vibaya, nadhani alielewa tu kwamba ni kazi ya binti wa Bi Mwanaidi. Ikatosha. "Yule dada mgonjwa?" akasema. Kumbe mji ulishajua. Akanichotea barafu na koleo, akajaza gunia. Nikapanda bodaboda, maji ya samaki yananichuruzika mgongoni, mbwa wanatukimbiza.

Sikilizeni hili, litawafaa: msiweke visahani juu ya barafu. Baridi kali nayo inawaharibu. Tulipanga barafu chini, juu yake maranda, juu ya maranda gunia kavu, kisha visahani, na kipimajoto katikati. Kila kipimajoto kikipanda naongeza barafu, kikishuka naongeza maranda. Nilirudi kwa yule mama wa samaki mara kadhaa mpaka umeme uliporudi, na kila nikifika anapaza sauti, "Mwenye minyoo amekuja, mpisheni!" Maabara ilinuka migebuka wiki nzima. Daktari alikuwa anavuta hewa anasema, "Njaa inaniuma, halafu hakuna hata ugali."

Walianguliwa wakitambaa. Wote. Niliona vile vimwili vidogo vinachora mawimbi kwenye ute na nikampigia kelele Daktari kana kwamba ni wajukuu.

Tulipowahamishia kwenye joto walipokwisha kuwa watu wazima, hawakulegea. Nilifurahi nikasema, "Basi jibu ni kujenga! Ukijengwa vizuri, umepona." Daktari akasema, "Subiri wazeeke."

Siku ya kuangalia nyuzi zenyewe hatukuwa na vifaa kama vyenu vya kuwasha protini rangi ya kijani. Tulikuwa na hadubini ya kawaida na vipande viwili Daktari alivyovikata kwenye miwani yake ya jua, ile inayochuja mwanga. Kimoja chini ya mnyoo, kimoja juu. Unakizungusha cha juu mpaka kila kitu kiwe giza. Na kwenye giza lile, misuli peke yake inang'aa. Ukijaliwa kuona mara ya kwanza hutasahau: mistari myembamba kandokando ya mwili, imepangwa kama matuta ya mpunga asubuhi maji yakishika jua.

Nikamweka kwanza mnyoo wa kawaida, mzee. Daktari akasogeza jicho. Vidole vyake havikuweza tena kuzungusha kile kitufe cha kulenga, nikazungusha mimi.

"Juu kidogo. Rudi. Hapo, simama."

Mistari ilikuwa imenyooka. Kisha nikaweka wetu wenye kasoro, wa umri uleule, aliyelelewa kwenye ubaridi na kuzeekea kwenye joto. Akatoa kichwa, akanipisha niangalie.

Mistari ilikuwepo. Ila ilikuwa na mapengo, na mingine imepinda, imelegea, kama matuta yaliyopitiwa na ng'ombe.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Walijengwa vizuri, Lau."

"Walijengwa vizuri sana, Daktari."

"Kutunzwa ndiko kulikopungua." Akafuta macho kwa bega, maana mkono haukufika. Nikataka kumfutia, nikaona haya, kisha nikaona haya ya kuona haya, nikachukua kitambaa nikamfutia. Akasema, "Asante. Sasa weka mwingine. Mmoja hatoshi."

Tukaweka wengine, mpaka macho yakauma. Hayo ndiyo tuliyoyaona sisi, kwa vipande vya miwani. Wengine duniani wameona mengi zaidi, na nyie mtaona zaidi yao. Lakini jioni ile alinitazama akasema, "Sasa naelewa kinachonitokea." Alisema kama mtu aliyetua mzigo.

Haikupita muda mrefu Bi Mwanaidi akamchukua nyumbani moja kwa moja. Alifariki kwenye mvua za mwaka uliofuata, kifua kilipochoka kuvuta hewa, na sisi watu wa kituo tulisimama makaburini kwenye tope, Waislamu na Wakristo, na yule mama wa samaki pia alikuja. Mungu amrehemu.

Ila nataka niwaachie siku nyingine, ya kabla ya hapo. Nilikuwa napita dukani nikitoka kazini kumpa habari. Alikaa nyuma ya kaunta kwenye kiti cha mito, kati ya majora ya vitenge, na alikuwa ananiuliza habari za minyoo kama mtu anayeuliza habari za nyumbani. Siku hiyo nikaazima hadubini ndogo, nikaileta na kisahani kimoja kwenye mfuko, nikamsogezea mpaka jichoni.

Aliangalia kwa muda mrefu. "Wanakwenda," akasema. Halafu akasema, "Mama, njoo uone."

Bi Mwanaidi alikuwa anapima kitenge. "Mimi? Mimi niangalie mdudu?"

"Njoo tu, mama."

Mwanamke yule alikuwa ameishi miaka yote ile na binti aliyekuwa anachelewa kurudi kula, na hakuwahi hata siku moja kuona alichokuwa anachelewea. Akavua miwani yake, akainama. Nikamlengea. Kwanza akasema haoni kitu. Kisha akashika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili, akazidi kuinama.

"Kumbe wana nguvu hivi," akasema polepole.

Mteja akaingia, akasimama, akaita, "Bi Mwanaidi, hiki cha maua bei gani?"

Hakuinua kichwa.

"Subiri kwanza," akasema. "Naangalia kazi ya mwanangu."